Homa ya Maji: Nuru, Joto na Uhai katika Tangi la Kioo na katika Ziwa la Homa Bay na Migori

Utangulizi

Kiswahili kina jina la kustaajabisha kwa maji ya mito na maziwa. Maji hayo huitwa maji baridi ili kuyatofautisha na maji chumvi ya bahari, na samaki wanaoishi humo huitwa samaki wa maji baridi. Mgeni anayelisikia jina hili kwa mara ya kwanza akiwa ufuoni Homa Bay, Mbita, Sori au Muhuru Bay, jua la adhuhuri likiwa utosini, huenda akadhani anachezewa shere, kwa kuwa maji anayoyagusa kwa mkono ni vuguvugu. Halijoto ya uso wa Ziwa Victoria kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 23 na 28 za Selsiasi, na katika ghuba zisizo na kina kirefu huweza kupanda zaidi siku isiyo na upepo. Ubaridi unaotajwa katika jina hilo hauna uhusiano na kipimajoto. Huonyesha tu kwamba maji hayo hayana chumvi.

Jina la Homa Bay nalo lina kinaya chake. Limetokana na Mlima Homa ulio karibu na ziwa, wala si na ugonjwa. Hata hivyo, sikio la Mswahili haliwezi kulisikia neno hilo bila kukumbuka mwili unaochemka. Kinaya hiki kinafaa kuanzia mjadala, kwa sababu maji nayo hupatwa na homa. Viumbe wanaoishi ndani yake hawana pa kukimbilia, na halijoto ikipanda kupita kiasi, hudhoofika na kufa.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi nuru kali inavyoyapasha maji joto, kwa nini joto hilo huwadhuru viumbe wa majini, na njia ambazo binadamu anaweza kuzitumia ili kulipunguza. Mfano wa kwanza ni tangi la kioo la kufugia matumbawe, chombo kidogo ambacho kila kinachoingia na kutoka ndani yake kinaweza kupimwa. Mfano wa pili ni ziwa lenyewe, pamoja na vizimba na vidimbwi vya samaki vya Homa Bay na Migori. Jambo hili si la anasa. Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa samaki katika vizimba upande wa Kenya wa Ziwa Victoria walipoteza samaki wengi kwa muda mfupi, na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walitaja upungufu wa oksijeni majini kuwa sababu. Mtaji wa miaka ulipotea katika siku chache. Anayeelewa kinachotokea ndani ya tangi la kioo atakuwa na msingi wa kuelewa kilichotokea ziwani.

Sababu ya Tangi Kuhitaji Nuru Kali

Matumbawe huonekana kama mawe, lakini ni jamii za wanyama. Tumbawe moja hujengwa na wanyama wadogo wengi, kila mmoja akiwa na kinywa kilichozungukwa na minyiri. Ndani ya nyama zao huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hupokea nuru na kutengeneza chakula kwa njia ya usanisinuru, na sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mnyama aliyeupa makao. Huu ni ujirani wa kufaana: mnyama hutoa nyumba na mbolea, na mwani hulipa kodi kwa sukari. Pasipo nuru ya kutosha mwani hauwezi kulipa, na mwenye nyumba hufa njaa.

Ndiyo maana mtu anayetaka kufuga matumbawe katika tangi hulazimika kuliiga jua. Karibu na Ikweta, adhuhuri isiyo na mawingu, kila mita mraba ya ardhi au maji hupokea nishati inayokaribia wati 1,000. Kwa miaka mingi wafugaji walitumia taa za halidi zenye wati 150, 250 au hata 400, zilizoning'inizwa juu ya maji. Taa hizo ziliyafaa matumbawe kwa mwangaza wake, lakini zilikuja na mgeni asiyealikwa, yaani joto.

Ukubwa wa mgeni huyo unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Chukulia tangi lenye lita 200 za maji, lililowekewa taa moja ya wati 250. Wati moja ni juli moja kwa sekunde. Kwa hiyo taa hiyo hutumia kilojuli 900 kwa saa moja. Kuipandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi huhitaji takriban kilojuli 4.2, na lita 200 huhitaji kilojuli 840. Kama nishati yote ya taa ingeingia majini na kubaki humo, maji yangepanda kwa zaidi ya nyuzi moja kila saa. Taa ikiwaka kwa saa 8, maji yaliyoanza asubuhi yakiwa na nyuzi 25 yangepita nyuzi 33 kabla ya jioni.

Katika hali halisi mambo hayafiki hapo upesi, kwa sababu sehemu ya joto hupotea hewani na kupitia kuta za kioo. Lakini pampu zinazozungusha maji nazo huongeza joto lake, na chumba chenye taa kali pia hupata moto. Matumbawe mengi yanayofugwa hustawi katika halijoto ya nyuzi 24 hadi 27. Tofauti kati ya afya na maangamizi ni ya nyuzi chache tu, na taa moja inaweza kuimaliza tofauti hiyo kwa mchana mmoja.

Joto Linavyodhuru

Joto hudhuru viumbe wa majini kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza inawahusu wale wanaoishi kwa ujirani na mwani, yaani matumbawe. Halijoto inapozidi kiwango walichozoea, usanisinuru wa mwani huvurugika na kuanza kutoa kemikali zenye sumu. Mnyama hulazimika kumfukuza mpangaji wake. Kwa kuwa rangi nyingi za tumbawe hutokana na mwani, mifupa myeupe ya chokaa huanza kuonekana kupitia nyama angavu. Hali hii huitwa kupauka kwa matumbawe. Tumbawe lililopauka halijafa bado, lakini limepoteza mlishi wake. Joto likipungua mapema, mwani huweza kurudi. Likidumu kwa majuma, tumbawe hufa.

Pwani ya Kenya inalifahamu jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na miamba ya matumbawe ya Afrika Mashariki ikapauka kwa wingi. Hata miamba iliyokuwa ndani ya hifadhi, kama zile za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, haikunusurika, kwa sababu mipaka ya hifadhi huzuia nyavu na ndoana, haizuii joto. Mpauko mkubwa ulirudi mwaka 2016, na mwezi wa Aprili mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika mpauko wa nne wa kimataifa. Kiwango kinachotosha kuleta balaa hili ni kidogo: nyuzi moja tu juu ya halijoto ya kawaida ya miezi ya kiangazi, ikidumu kwa majuma kadhaa, huweza kuanzisha kupauka.

Njia ya pili inawahusu karibu viumbe wote wanaovuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji yanapopata joto, uwezo wake wa kushika oksijeni hupungua. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 huweza kushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hushika takriban miligramu 7.6. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo viwango vyake hupungua tena kwa zaidi ya asilimia 10. Wakati huohuo, samaki ni mnyama ambaye joto la mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipata moto, mwili wake hufanya kazi haraka zaidi na kuhitaji oksijeni nyingi zaidi. Kwa kadirio la jumla, mahitaji hayo huongezeka mara mbili kila halijoto inapopanda kwa nyuzi 10. Basi joto humpiga samaki kwa mikono miwili: humpunguzia pumzi na papo hapo humwongezea haja ya kupumua.

Hekima ya Chungu

Kila nyumba ya mwambao wa ziwa iliyowahi kuwa na chungu cha maji ya kunywa inalijua jibu la kwanza la tatizo hili. Chungu, ambacho Wajaluo hukiita agulu, hakina waya wala injini, lakini maji yake huwa baridi kuliko hewa ya chumba. Siri yake imo katika vinyweleo vya udongo. Maji hupenya polepole hadi upande wa nje na kugeuka mvuke. Ili kugeuka mvuke, maji huhitaji joto jingi, na joto hilo hulichukua kutoka kwa maji yanayobaki. Mwili wenye homa hufanya vivyo hivyo unapotoa jasho. Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto, na hapa methali hiyo inapata maana ya kisayansi: joto lenyewe ndilo linalotumiwa kulitoa joto.

Nguvu ya njia hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke katika halijoto ya kawaida huchukua takriban kilojuli 2,400. Kwa kurejelea tangi la lita 200, taa yake iliingiza kilojuli 900 kwa saa. Uvukizaji wa chini kidogo ya nusu lita kwa saa unatosha kuliondoa joto hilo lote, na kwa saa 8 ni lita 3 tu za maji. Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha mfugaji mwenye busara ni feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji. Feni haileti ubaridi wowote. Kazi yake ni kuifukuza hewa iliyokwisha kushiba mvuke na kuleta hewa kavu, ili uvukizaji uendelee. Kwa sababu hiyo, mfuniko wa kioo unaoziba tangi lote ni adui, kwani huufungia mvuke ndani.

Njia hii ina masharti mawili. Sharti la kwanza linahusu chumvi. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Yanapogeuka mvuke, chumvi haiondoki. Hubaki tangini na kuzidi kukolea siku hadi siku. Mfugaji anayeongeza maji ya chumvi badala ya yale yaliyopotea huongeza chumvi juu ya chumvi. Inampasa kuongeza maji safi yasiyo na chumvi, kila siku, kwa kiasi kilekile kilichopungua. Hapa maji baridi ya Kiswahili yanapata heshima yake: ndiyo dawa ya maji chumvi yaliyokolea.

Sharti la pili linahusu unyevu wa hewa. Chungu hufanya kazi vizuri penye hewa kavu na upepo, na hudorora penye hewa nzito. Mfugaji wa Mombasa au Lamu, ambako hewa hujaa unyevu, atapata faida ndogo kutoka kwa feni kuliko yule aliye bara wakati wa kiangazi. Pale ambapo hewa yenyewe ni moto na imeshiba mvuke, hubaki njia ya gharama, yaani mtambo wa kupoza maji unaofanya kazi kama jokofu. Mtambo huo hauliangamizi joto. Hulihamisha tu kutoka majini hadi hewani. Ukiwekwa katika chumba kidogo kilichofungwa, hukipasha moto chumba hicho, na joto hurudi tena tangini kwa mlango wa nyuma. Anayeutumia hana budi kuuwekea mahali penye njia ya hewa.

Kulizuia Joto Mlangoni

Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kutafuta namna ya kulitoa joto, ni busara kulizuia lisiingie. Taa ikiinuliwa juu zaidi ya maji, joto la balbu hupata nafasi ya kupotea hewani, ingawa nuru inayofika chini nayo hupungua. Saa za kuwasha taa zinaweza kuhamishwa kutoka adhuhuri hadi jioni na usiku, wakati chumba kimepoa. Matumbawe hayajui saa ya ukutani, mradi yapate muda wake wa nuru na wa giza kwa utaratibu. Pampu zinaweza kuchaguliwa zile zinazokaa nje ya maji badala ya zile zinazozamishwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na taa za LED. Taa hizi hutoa nuru ileile kwa umeme mchache, na joto lake nyingi hutoka upande wa nyuma badala ya kumiminwa majini pamoja na mwangaza. Ni muhimu kusisitiza kwamba hazijaondoa joto lote. Nuru yoyote inayomezwa na maji, mawe au mwani hatimaye hugeuka kuwa joto, hata ikitoka katika taa ya aina gani. Faida ya LED ni kwamba kiasi kikubwa zaidi cha umeme unaolipiwa huwa nuru yenye kazi.

Wavuvi wa Homa Bay na Migori wamelipitia somo hili kwa njia yao. Katika usiku wa giza usio na mbalamwezi, maji ya kuanzia Mbita hadi Muhuru Bay humetameta kwa taa kana kwamba mji umejengwa juu ya ziwa. Hizo ni taa za wavuvi wa omena, samaki wadogo wanaojulikana kama dagaa upande wa Tanzania na mukene upande wa Uganda. Omena huvutwa na nuru, wakakusanyika chini yake, kisha wavu ukawazunguka. Kwa miongo mingi taa iliyotumiwa ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Nishati nyingi ya mafuta hayo haikuwa nuru. Ilipotea kama joto, na bei yake ikala pato la mvuvi kabla hajafika ufuoni. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua mjini Mbita kituo cha kuchajia taa za betri kwa nguvu za jua, na tangu hapo taa za betri zimeenea sana katika uvuvi huu. Omena hakuhitaji joto la karabai, kama vile tumbawe lisivyohitaji joto la halidi. Wote wawili walihitaji nuru peke yake, na katika pande zote mbili aliyelipia joto lisilo na kazi alikuwa binadamu.

Ziwa kama Tangi Kubwa

Ziwa Victoria linaweza kutazamwa kama tangi lisilo na kioo. Taa yake ni jua la Ikweta, ambalo adhuhuri huliangazia kila mita mraba kwa nguvu ya taa nne za wati 250. Chungu chake ni lenyewe. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani hutokana na mvua inayonyesha juu yake, takriban asilimia 80, na kiasi kinachokaribiana na hicho huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa wastani kila mita mraba ya ziwa hupoteza karibu lita 4 kwa siku kwa njia hiyo. Feni yake ni upepo, ule unaovuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu alasiri na kugeuka usiku. Bila uvukizaji huo na upepo huo, ziwa lingechemka zaidi ya linavyochemka.

Upepo ukikoma, matatizo huanza. Maji ya juu hupata moto na kuwa mepesi, hukaa juu ya maji ya chini yaliyo mazito kama mafuta yakaavyo juu ya maji, na tabaka hizo mbili huacha kuchanganyika. Tabaka la juu hupata oksijeni kutoka hewani na kutoka kwa mwani. Tabaka la chini halipati kitu, na huku bakteria wanaoozesha mabaki huendelea kuimaliza oksijeni iliyokuwamo. Kisha siku moja upepo mkali au dhoruba huyapindua maji, na yale ya chini yasiyo na pumzi hupanda juu. Samaki aliye huru huweza kukimbia. Samaki aliyefungiwa kizimbani hana njia.

Jambo la pili huwachanganya wengi: mara nyingi samaki hufa alfajiri, saa ambayo maji yamepoa. Ikiwa joto ndilo muuaji, mbona haui adhuhuri? Jibu limo katika mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa usanisinuru. Usiku usanisinuru hukoma, lakini mwani na viumbe wote huendelea kuvuta pumzi. Oksijeni hushuka saa baada ya saa hadi kufikia kiwango cha chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Maji yaliyorutubishwa kwa mbolea kutoka mashambani na kwa taka za mijini huzalisha mwani mwingi mno, na mwani mwingi wa mchana ni deni kubwa la usiku. Maji yaliyoanza jioni yakiwa moto yalianza na akiba ndogo. Joto huweka mtego mchana, nao hufyatuka alfajiri.

Kutokana na maelezo haya, hatua za mfugaji zinajidhihirisha. Kizimba kiwekwe penye kina na mkondo, mbali na ghuba zilizotulia. Idadi ya samaki isizidi uwezo wa maji, kwa sababu kila samaki wa ziada ni pua nyingine juu ya akiba ileile. Siku za joto kali zisizo na upepo, chakula kipunguzwe au kisitishwe, kwani usagaji wa chakula huhitaji oksijeni na makombo huoza. Oksijeni ipimwe kabla ya mapambazuko, wakati ambapo ukweli huonekana; ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, hata ngege wavumilivu huwa hatarini. Samaki wanaopanda juu na kutweta kwa vinywa vilivyo wazi wanatoa habari ambayo haifai kupuuzwa. Mashine ya kupulizia hewa majini iwe tayari kabla ya siku ya msiba, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa wale wenye vidimbwi bara, kama vile vilivyochimbwa kwa wingi nchini Kenya chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi uliozinduliwa mwaka 2009, kanuni ni zilezile kwa kipimo kidogo. Kidimbwi chenye kina kinachozidi mita moja hupata joto polepole kuliko beseni la maji ya kifundoni. Kivuli upande mmoja huwapa samaki mahali pa kujificha, ilhali kivuli juu ya kidimbwi chote huinyima mwani nuru ya kutengeneza oksijeni. Maji mapya yanayoingia kwa kumwagika kutoka juu hubeba hewa pamoja nayo. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji mtambo wa gharama. Zote zinahitaji ufahamu wa njia ambazo joto huingilia na kutokea.

Joto na Lugha

Mada hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mfugaji wa Sori au Mbita hana budi kuelezwa mambo haya kwa lugha anayoielewa, na maelezo yenye maneno yasiyo sahihi huweza kumtia hasara. Mifano miwili inatosha.

Mfano wa kwanza ni tofauti kati ya joto na halijoto. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana, lakini katika sayansi kila moja lina kazi yake. Kikombe cha maji na tangi la lita 200 huweza kuwa na halijoto moja ya nyuzi 30, ilhali joto lililomo tangini ni kubwa mara nyingi zaidi. Anayefahamu tofauti hii ataelewa kwa nini tangi kubwa hupata moto polepole na kwa nini, likishapata moto, hupoa polepole vilevile.

Mfano wa pili ni vitenzi poa, poza na pooza. Maji hupoa yenyewe; mtu au mtambo huyapoza. Irabu moja ikiongezwa, msomaji huweza kufikiria mwili uliopooza, na mwongozo wa kupoza samaki ukasomeka kama mwongozo wa kuwapoozesha. Anayeandika miongozo ya wafugaji anapaswa kuzichunga irabu zake kama anavyochunga vipimo vyake. Istilahi kama uvukizaji, usanisinuru na kizimba tayari zipo na zinatumika. Kinachosalia ni kuzitumia nje ya kurasa za kamusi, mahali zinapohitajika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nuru na joto ni ndugu wanaosafiri pamoja, na kwamba anayemwalika mmoja hana budi kujiandaa kwa ujio wa mwenziwe. Katika tangi la kioo, mfugaji huweza kuinua taa, kubadilisha saa zake, kuchagua LED, kufungua mfuniko na kuweka feni, huku akirudisha maji safi kila yanapopungua. Katika ziwa, mwenye kizimba hana uwezo wa kulizima jua wala kuuamuru upepo. Anaweza kuchagua mahali, idadi ya samaki, saa ya kuwalisha na saa ya kupima.

Shule yoyote iliyo kando ya ziwa inaweza kulithibitisha jambo hili bila maabara kubwa. Mabeseni mawili ya maji yenye kiasi sawa yawekwe juani, moja lifunikwe kwa kioo na jingine liachwe wazi penye upepo, kisha halijoto yake isomwe kila baada ya nusu saa. Wanafunzi wataona kwa macho yao kilicho katika chungu cha bibi zao, katika jasho la mwenye homa na katika mvuke unaopanda kutoka ziwani. Wakiweza kuyaeleza hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka na mwenye kizimba, watakuwa wamemsaidia kuokoa samaki wake kabla ya alfajiri.